Jicho Lililoshonwa Mara Mbili

Munyao wa Ndululu alikuwa na jicho moja, na hilo moja halikuwa lake lote.

La kulia lilitobolewa na mwiba wa mgunga enzi alizokuwa bado akikimbiza ndama, likanywea ndani ya tundu lake. La kushoto liliharibika baadaye, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, siku ya kupura mtama. Kapi liliingia, akalifikicha. Akalitia maziwa ya mbuzi, akalitia maji ya majani, akalitia kila alichoambiwa na kila aliyepita, kwa sababu siku hizi kila mtu ni mganga na hakuna anayetibu. Jicho likafanya usaha. Kioo chake cha mbele kikawa cheupe kama ganda la yai, na kwa miaka miwili Munyao akaongozwa kwa fimbo na mkewe Kaluki, yeye aliyekuwa ameongoza mafahali wa nusu ya Ikutha.

Ndipo madaktari walipokikata kile kioo kilichokufa wakamshonea kingine, cha mtu aliyefariki na kuacha neno kwamba macho yake wapewe walio hai. Nyuzi zilikuwa kumi na sita, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Bandeji ilipoondolewa, kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa Kaluki.

"Kumbe umezeeka," alisema.

"Si mimi," Kaluki akajibu. "Ni hilo jicho la marehemu. Limekuja na uzee wake."

Sokoni walilifanyia mzaha jicho hilo kwa muda mrefu. Kitonga, muuza ugoro, alifunga vifungo vya shati kila Munyao alipokaribia. "Huwezi jua," alisema. "Huyo marehemu asije akawa mama mkwe wangu. Nitasimamaje kifua wazi mbele ya mkwe?" Munyao alicheka pamoja nao. Aliyetoka gizani hachagui mzaha.

Kabla ya upofu, kazi yake ilikuwa kufunza mafahali nira. Leo ukimtajia kijana nira, atadhani ni jina la msichana. Plau zimefanywa vyuma chakavu, trekta linakuja siku moja linakwaruza shamba juujuu kisha linaondoka, na fahali amebaki kuwa nyama ya kupelekwa Nairobi. Lakini zamani mtu akiwa na fahali mbishi alimleta kwa Munyao, na Munyao aliingia naye zizini peke yake, na kamba ya ngozi mkono mmoja na mjeledi mkono wa pili.

Haikuwa kazi ya upole. Asikudanganye mtu kwamba watu wa zamani walikuwa wapole. Munyao alivunjwa mbavu tatu, akapoteza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichokatwa na kamba, na yeye naye alicharaza mafahali mpaka ngozi ikainuka matuta. Damu ilitoka pande zote mbili. Tofauti ni kwamba ukali wa siku hizo ulikuwa na ukingo. Fahali hakupigwa kichwani. Hakupigwa akiwa amefungwa pasipo na nafasi ya kukwepa. Na zaidi ya yote, aliyelala hakupigwa. Akishaangushwa, akalaza shingo mchangani na kutoa ile pumzi yake ndefu, vita vimekwisha. Mtu aliyempiga baada ya hapo alitozwa mbuzi na wenzake, na mbuzi huyo aliliwa mbele yake bila yeye kupewa hata mfupa wa kulamba.

Hayo Munyao aliyajua kama alivyolijua jina lake. Ya jicho ndiyo hakuyajua vizuri.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza tangu mwanzo. Kioo hiki kimeshikwa na kovu, alisema, na kovu la hapo halikazi kama la ngozi, maana hakuna damu inayopita. Hata baada ya miaka mingi, pigo moja linaweza kulifungua. Miwani hii ya plastiki nene usiivue ukiwa nje. Usinyanyue vizito, usiiname kwa nguvu, usipigane.

Kaluki alielewa mara moja. Yeye ni mzaliwa wa Kalamba, ng'ambo ya Makueni, na mama yake alikuwa fundi wa kushona vibuyu vilivyopasuka. Kaluki mwenyewe bado anavishona, kwa sindano ya magunia na uzi wa mkonge, ingawa wanunuzi sasa ni wageni wanaovitundika ukutani na kumuuliza ni vya nini. "Ni kibuyu," alimwambia mumewe njiani kurudi nyumbani. "Kibuyu kilichoshonwa kinaweka maziwa miaka ishirini. Lakini ukikiangusha mara moja, kinafunguka palepale kwenye mshono."

Munyao alikubali. Mwaka mzima na nusu alikaa kama kibuyu. Kisha daktari akazitoa zile nyuzi.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya. Munyao alikuwa ameona fahali wengi wakishonwa, waliochanika kwa senyenge au kwa pembe za wenzao. Fahali mwenye nyuzi hafungwi nira. Nyuzi zikitolewa anarudi kazini, na ndiyo maana ya kuzitoa. Daktari alirudia maneno yake yote siku hiyo, na miwani, na vizito, na pigo, lakini Munyao alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa amezihesabu nyuzi zikidondoka kwenye sahani. Moyoni alikwisha kurudi kazini.

Miwani aliendelea kuivaa kwa ajili ya Kaluki.

Ilikuwa siku ya soko pale Ikutha. Kaluki alikuwa ameketi na vibuyu vyake karibu na boma la mifugo, na Munyao kando yake. Mwana wa marehemu kaka yake Munyao, Gedion, alikuwa ameleta lori. Gedion hununua ng'ombe na kuwasafirisha Nairobi. Ni mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye simu mbili na shingo nene, na alilelewa katika nyumba ya Munyao baada ya baba yake kufa. Siku hiyo alikuwa amenunua fahali mwekundu kutoka kwa Muktar, mfanyabiashara aliyewaleta ng'ombe kwa miguu kutoka kaskazini.

Fahali yule hakuwahi kuona lori. Aliweka kwato mbili kwenye ubao wa kupandia, akasikia unadunda kwa chini, akakataa.

Kuna njia ya kumpandisha ng'ombe wa aina hiyo. Unatandaza mchanga juu ya ubao, unatanguliza ng'ombe mzee, unangoja. Gedion na wapakiaji wake hawakuwa na muda wa kungoja. Walimpiga kwa vyuma mgongoni. Walimkunja mkia mpaka ukalia. Mmoja wao, Nyamai, kijana mwenye fulana ya timu ya Ulaya, alifungua karatasi ya pilipili ya unga akampaka fahali sehemu za nyuma, na wenzake wakacheka, na mmoja akatoa simu apige picha.

Fahali aligeuka papo hapo alipokuwa. Ubao ulipasuka. Pembe ilimwingia Nyamai chini ya kwapa ikamwinua, na kwa kitambo miguu yake ilicheza hewani kama ya mtu anayeendesha baiskeli. Alipotupwa chini fulana ilikuwa imejaa damu, naye hakulia, alikohoa tu. Mwenye simu aliiacha ikaanguka, kwato zikaikanyaga. Akina mama waliruka juu ya mafungu ya mbaazi. Fahali alipitia banda la mitumba akatoka na gauni la harusi kwenye pembe, akasimama katikati ya uwanja, povu linamtoka, miguu inatetemeka.

Wanaume walishika mawe. Wengine walishika panga.

"Msimtupie," Munyao alisema. Alikuwa ameshasimama. "Mkimtupia mawe ataingia kwa akina mama."

"Baba, kaa chini," Gedion alisema. "Huyu si wa kufunzwa. Huyu ni wa kuuawa."

"Nani amekuuliza? Nipe kamba."

Kaluki alimshika pindo la koti, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Baba Kathini, jicho."

"Lilitolewa nyuzi, mama. Niache."

Akaivua miwani. Aliamini, kama walivyoamini wafunza mafahali wote aliowajua, kwamba fahali akiona kitu kinachong'aa usoni mwa mtu haoni mtu, anaona jicho la chui. Akamwekea Kaluki miwani juu ya vibuyu, akachukua kamba, akaenda.

Wazee waliokuwepo wanasema walikuwa hawajaona kitu kile kwa miaka ishirini. Munyao hakumwendea fahali moja kwa moja. Alimzunguka polepole, bega mbele, akitoa sauti ya kooni isiyo neno. Fahali alimfuata kwa masikio. Lile gauni lilikuwa limemfunika jicho moja, na Munyao akaja kutokea upande huo. Kamba ilirushwa mara moja tu. Ilishika pembe, ikapita nyuma ya bega, ikazunguka tumbo. Munyao akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, na yule mnyama mkubwa akapiga magoti, kisha akalala ubavu kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Munyao aliangukia shingoni kwake, goti juu ya pembe, mkono puani.

Fahali alilaza shingo mchangani. Akatoa ile pumzi ndefu.

"Basi," Munyao alimwambia. "Basi, mwanamume. Imekwisha."

Na ilikuwa imekwisha. Ilibaki kumfunga miguu tu. Lakini Gedion alikuja mbio kutoka kwa Nyamai, damu ya Nyamai mikononi mwake, na kile chuma cha lori, akampiga fahali aliyelala katikati ya paji la uso.

Kichwa cha ng'ombe kikirushwa kwa maumivu hakuna mtu anayeweza kukizuia. Kilipanda juu na goti la Munyao na Munyao mwenyewe. Haikuwa pembe. Lilikuwa lile paji, gumu kama kinu, na lilimkuta Munyao usoni upande wa kushoto.

Hakuhisi maumivu makubwa. Alisikia sauti ndogo, ya kitu kinachoachia. Kisha maji ya moto yakamtiririka shavuni, mazito kuliko machozi, na soko la Ikutha likazimika lote kwa pamoja, watu, mawe, gauni, jua.

"Kaluki," alisema. "Kaluki, usiniache nilishike."

Kaluki alikwisha kufika. Aliona kovu limefunguka kwa duara, zaidi ya nusu yake, na kipande cheusi cha ndani ya jicho kimechungulia nje. Watu walimletea leso, walimletea maji, mwanamke mmoja akamletea maziwa. Aliwasukuma wote. Mtu mmoja aliyetaka kulifunga jicho kwa kitambaa alipigwa kofi la mdomo. Kaluki alichukua kibuyu kidogo miongoni mwa vile vyake, akakipasua juu ya jiwe, akachagua kitako chake cha mviringo, akamwekea mumewe juu ya jicho, kimekaa kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu bila kugusa chochote cha katikati. Akakifunga kwa uzi wa mkonge kuzunguka kichwa.

"Ukikigusa nitakuvunja vidole," alimwambia.

Muktar aliwaingiza katika pikapu yake mwenyewe. Walipokuwa wanaondoka Munyao alimsikia fahali. Hakikuwa kilio cha ng'ombe anayechinjwa, maana cha kuchinjwa ni kifupi.

"Wanafanya nini?" aliuliza.

Muktar alijibu walipofika lami. "Wanamkata miguu ya nyuma, mzee. Kwa panga. Wallahi, nimeuza ng'ombe miaka kumi na tisa. Sitamuuzia huyo mtu hata kuku."

Njia ya kwenda Kibwezi ni nzuri sasa, wanaisifu. Munyao aliipita akiwa amekaa wima kama chupa, na Kaluki amemshika mikono yote miwili. Walipoingia barabara kuu ya malori alianza kusikia kichefuchefu. Ilimpanda kwa mawimbi.

"Nataka kutapika."

"Meza."

"Siwezi, mama Kathini."

"Ukitapika linatoka lote. Meza." Akambana taya kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyobanwa ng'ombe anayenyweshwa dawa. Akameza.

Kwenye mji mdogo wa Salama walikuta malori yamefungana njia nzima, na utingo wawili wanapigana kwa spana ya magurudumu katikati ya wauza mahindi ya kuchoma. Watu walikuwa wakiwashangilia. Mmoja alianguka juu ya pikapu, na chuma kikalia karibu na kichwa cha Munyao. Muktar alishuka, akamkokota yule mtu kwa ukosi mpaka mtaroni, akamwachia teke, akarudi, akapandisha magurudumu mawili ukingoni akapita hivyo hivyo.

"Nani huyo ulimpiga?" Munyao aliuliza.

"Simjui, mzee."

"Alikuwa amelala?"

Muktar alifikiri. "Alikuwa amelala," alisema kwa aibu.

Hospitali ya macho iko mbele ya Salama. Kabla ya jua kutua Munyao alikuwa mezani. Daktari alikuwa yule yule. Alikitazama kile kitako cha kibuyu muda mrefu kabla ya kukifungua.

"Nani ameweka hiki?"

"Mke wangu."

"Basi kama kuna kitakachobaki, ni yeye aliyekibakisha. Nilikuambia nini kuhusu miwani, mzee?"

"Ng'ombe akitolewa nyuzi anarudi kazini."

"Wewe si ng'ombe."

"Ningekuwa ng'ombe," Munyao alisema, "ningekuwa nimepona."

Walimshona tena, nyuzi kumi na sita mahali pa zile kumi na sita. Lenzi ya ndani ya jicho ilikuwa imetoka, pengine imebaki kwenye mchanga wa Ikutha. Baada ya majuma sita daktari alimwambia ukweli wake: ataona mwanga, ataona umbo la mtu aliye karibu, na kwa miwani minene sana huenda siku moja akatambua uso. Pigo la tatu halitashonwa. Hata hasira, alisema, hata kukohoa kwa nguvu, jihadhari nazo mpaka nyuzi zikae.

Nyamai alipona, mbavu zake zikaungwa. Picha ya fahali akikatwa miguu ilizunguka katika simu za watu mpaka ikachosha.

Gedion alikuja asubuhi moja, baada ya Munyao kurudishwa nyumbani. Zamani asingekuja peke yake. Angekuja na wazee wa ukoo, naye angesimama nje ya ua mpaka aitwe, na jambo lingesemwa kuanzia mizizi. Sasa wazee wa ukoo wako wapi? Waliobaki wanakutana kwenye mazishi tu, na hata huko wanapewa dakika mbili na mwongozaji mwenye kipaza sauti. Gedion alikuja na mbuzi mmoja nyuma ya pikipiki, akamfunga kwenye mti wa ua, akaingia na simu inalia mfukoni.

"Baba, nimekuja," alisema.

"Sogea nikuone."

Alisogea. Munyao aliona kitu kirefu cheusi kinazuia mwanga wa mlango. Alijaribu kutafuta ndani yake yule mtoto aliyemlisha, hakumpata.

"Nimeomba kanisani, mbele ya watu wote," Gedion alisema. "Nimesamehewa. Nimeona nije na hapa. Nilikuwa na hasira ya Nyamai, baba. Sikuona kwamba amelala." Kisha akaongeza, kwa kuwa watu wa kizazi chake hawajui mahali pa kuishia, "Lakini na wewe pia, baba, uliivua miwani mwenyewe."

Munyao alisikia damu ikipanda. Ilianzia tumboni, ikaja shingoni, ikafika nyuma ya jicho ikagonga pale, na zile nyuzi kumi na sita akazihisi moja moja. Mjeledi wake ulikuwa ukutani, kwenye msumari ule ule wa miaka arobaini, hatua tatu kutoka alipokaa. Alijua mkono wake bado unaweza. Alijua pia ni kitu gani kingeachia kabla mjeledi haujatua. Akashika magoti yake, akavuta pumzi kupitia puani, taratibu, mpaka lile jicho likaacha kugonga. Mtu mzima, mwenye nyumba, hana ruhusa ya kukasirika ndani ya nyumba yake.

"Kaluki," alisema. "Huyu mtoto alilelewa hapa na wewe."

"Nilimlea."

"Mimi nimekatazwa kunyanyua kitu."

Kaluki aliweka chini kibuyu alichokuwa anakishona, akachomeka sindano kwenye kilemba chake, akauangua mjeledi.

"Mwaitu," Gedion alisema, neno la Kikamba la mtoto kwa mama yake, akacheka kidogo. "Mwaitu, mimi ni mtu mzima."

Mchapo wa kwanza ulimkuta mabegani ukakata shati. Angeweza kumnyang'anya, alikuwa mkubwa mara mbili yake. Hakumnyang'anya. Labda kuna kitu kilichobaki ndani yao hawa watu, kimejikunja huko chini hata wao hawakijui. Alisimama. Wa pili ulimzunguka mbavuni, na kicheko kikaisha. Wa tatu ulimshika shingo na sikio, damu ikatoka. Kaluki alipiga kwa mkono mzima, kama anayepura mtama, na mbuzi kule nje akaanza kulia. Wa nne. Wa tano. Wa sita ulimkuta mapajani, magoti ya Gedion yakakunjika, na lile umbo refu jeusi likaondoka mlangoni, mwanga ukaingia wote kwa pamoja mpaka kwenye uso wa Munyao.

Alisikia mwili ukitua sakafuni. Alisikia shavu likigusa udongo, kisha pumzi, ndefu, ikitoka yote.

Alisikia pia mjeledi ukiinuliwa tena.

"Acha, mama Kathini," alisema. "Amelala."